Nimewaambia Ofisini Kwamba Baba Alikufa

Kaloleni, Nairobi
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya kukuuliza hali nikuombe msamaha. Mara ya mwisho nilipokuandikia mlikuwa mnapanda mahindi, na juzi ndugu yangu Wafula aliniambia yameshatoa ndevu. Msimu mzima, Mama. Nimekuwa nikipiga simu, lakini simu si kuandika. Wewe unauliza, "Muko aje huko?" mimi nasema, "Tuko sawa tu," nawe unasema, "Basi na sisi tuko," halafu inakatika. Tena simu yako hulala dukani ikichajiwa, na najua mwenye duka huipokea kabla yako. Hili ninalotaka kukuambia leo sikutaka lifike dukani kwanza.

Goti lako je? Ulienda kuonyesha vile nilikuomba, au bado unalipaka majani na kungoja? Ng'ombe alizaa? Mwambie Wafula asimpe dawa za kukisia kama mwaka ule.

Sisi hatujambo. Shantel ameng'oka meno mawili ya mbele na anaongea na upepo, lakini hilo halijampunguzia maneno hata kidogo. Yuko gredi ya kwanza. Mimi bado nauza nguo za watoto za mitumba pale soko la Muthurwa. Naamka kabla jua halijatoka, namwacha Shantel kwa Mama Achieng, nafungua bandali ya nguo, nasimama hadi jioni, narudi napika, naosha sare yake, na wakati mwingine nashtuka nimelala na kijiko mkononi. Nimechoka, sitakuficha. Lakini si ule uchovu ulioniona nao wakati Baba Shantel aliondoka. Huu ni wa mtu anayefanya kitu.

Sasa nikueleze kitu chenyewe.

Kuna vijana hapa wana gazeti. Usifikirie lile la kununua. Hili ni karatasi kubwa ya manila, kama zile tulizochorea ramani shuleni. Wanaandika kwa kalamu nene habari za mtaa, wanatengeneza tatu zinazofanana, moja wanabandika kwa mlango wa ukumbi, moja kwa geti, moja pale mferejini. Wanaliita Foleni, kwa sababu Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wamepanga mitungi wakingoja maji, kijana mmoja anasimama na kulisoma kwa sauti. Aliyeanzisha ni msichana anaitwa Mercy, wa mtaa wa Huruma, amesomea uandishi wa habari na hakupata kazi. Anasema magazeti makubwa huja mitaa hii ya Eastlands mtu akiuawa tu, na vijana wa hapa wamekua wakidhani hiyo ndiyo habari yao yote.

Mimi niliingia huko kwa ugomvi. Siku moja Foleni iliandika kwamba fomu za kusaidia watoto karo zingetolewa ukumbini Alhamisi. Nikafunga bandali nikakosa wateja siku nzima, na hakukuwa na fomu wala mtu wa fomu. Nikawafuata pale kwa chumba chao nyuma ya ukumbi, Mama, nikawaka. Huyu Kevo, ndiye huwa anasoma, kijana mrefu mwenye sauti ya kuitia watu gari, akajaribu kunituliza: "Mathe, tulia, mtu alituambia." Nikamuuliza, "Mtu gani? Hana jina? Mimi nimwambie mtoto wangu alale njaa kwa sababu ya mtu?" Mercy hakujitetea. Alinisukumia karatasi na kalamu akasema, "Keti, dada. Andika vile ilikuwa." Nikaandika. Jumamosi ikasomwa vile vile nilivyoandika, hadi pale niliposema vijana hao ni wavivu. Watu walicheka hadi mitungi ikafurika.

Tangu siku hiyo wana sheria. Kila habari iwe na watu wawili wanaoijua, na mmoja wao akubali jina lake liandikwe. Na tangu siku hiyo mimi ndiye huandika zile karatasi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka kutoka mbali. Hawanilipi, na mimi sijawadai. Nakwenda Jumatano na Ijumaa jioni, Shantel akiwa miguuni pangu akichorea nyuma ya manila zilizoharibika. Tumeandika timu ya wasichana ikapewa zamu ya uwanja. Tumeandika mahali pa kujifunza kushona bure, na vijana watatu wako huko sasa. Ni vitu vidogo, lakini watu wanatungoja Jumamosi.

Mama, mji unabadilika. Ukija leo utapotea. Ukisimama pale Baba alikuwa anaegesha baiskeli yake unaona maghorofa upande ule mwingine, marefu, kila dirisha linafanana na jingine. Wanasema hata zamu yetu itafika, nyumba hizi za zamani za kaunti zitavunjwa na wanaokaa humu watapewa za ghorofani. Wengine wanafurahi, wengine hawalali. Mwezi uliopita wakaja watu wa kuhesabu wapangaji.

Hapa ndipo nataka usome polepole.

Unakumbuka tulipotoka kumzika Baba, ulinishika mkono pale stendi ukaniambia, "Usiende kusema ofisini. Ukisema watakutoa. Lipa tu kwa jina lake, na wakiuliza, ameenda nyumbani kupumzika." Sikulaumu. Kila mtu hapa hufanya hivyo. Nimelipa kodi kwa jina la Baba tangu mwaka juzi, na wakati mwingine ilikuwa inanipa raha kuona jina lake kwa risiti, kama mtu bado anamtambua.

Basi yule mama wa kuhesabu akaja, mwanamke mpole tu, ana simu kubwa mkononi, jasho linamtoka. Akanisalimia akasema, "Kwa daftari mpangaji ni Simiyu. Nimpate?"

Nikamwambia, "Ameenda ushago kidogo. Atarudi mwezi ujao."

Shantel alikuwa amekaa mlangoni anakula chapati. Akamtaja babu yake, bila hata kuinua kichwa, "Kuka alikufa. Tulienda na basi kubwa tukakula kuku."

Yule mama akamwangalia, akaniangalia mimi. Nikasema, "Ni mtoto tu huyo."

"Sawa," akasema. Akabonyeza simu yake, akaandika mlangoni kwa chaki, akaenda mlango wa pili. Kule nikamsikia Mama Achieng akimwambia kwa sauti tamu kabisa kwamba Baba Achieng ametoka kununua sukari. Mama, Baba Achieng! Yule tuliyemchangia jeneza mimi nikiwa bado darasa la saba!

Shantel akaniuliza, "Kwani hakukufa?" Nikamwambia aingie ndani amalize chai. Lakini nilikaa kwa ile kochi ya Baba nikimsikiliza akinywa. Huyu mtoto mimi humkanya kila siku, usidanganye, usidanganye, hata nikikupiga usidanganye. Leo amesema kweli na mimi ndiye nimemfanya mwongo mbele ya mgeni.

Jumatano nikawasimulia kule kwa gazeti, nikidhani nasimulia aibu yangu. Kevo akacheka. Akasema kwao ni babu yake aliyeandikwa. Mwingine, ni shangazi. Tukaanza kuhesabu milango tunayoijua, huyu amekufa, huyu amekufa, huyu alikufa kabla Mercy hajazaliwa. Kevo akasema, "Wasee, kumbe mtaa ni wa maghost. Sisi ndio tunawatembelea." Tulicheka, kisha Mercy akauliza swali ambalo lilituondolea kicheko. "Siku ya kugawa nyumba mpya, nani atasimama jina la marehemu likiitwa?"

Mercy akaenda ofisi inayoshughulika na nyumba. Karani mmoja akamwambia kwamba mpangaji akifa, mke au mtoto anaweza kuandikwa mahali pake akipeleka karatasi, na kwamba utaratibu huo haujaanza leo. Lakini daftari litafungwa kabla ya kazi ya kubomoa kuanza, na likifungwa jina la marehemu linatolewa tu. Alirudi mbio kutuambia. Habari kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, lakini alikuwa na mtu mmoja, na huyo karani hakutaka jina lake liandikwe. Tulihitaji mtu wa mtaa aliyekwenda, akasema, na hakufukuzwa.

Tukazunguka mlango kwa mlango siku mbili. Hakuna. Mama Achieng alinivuta ndani kwake akafunga mlango. "Nafula, mimi nimekulea mgongoni hapa. Hao watoto wakiandika kwamba Kaloleni ni ya wafu, kesho tutatolewa sote na vitanda vyetu. Mama yako anajua unafanya hivi?"

Nikamwambia, "Hajui."

"Basi mwambie kwanza."

Mama, nilitaka kukuambia. Nilichukua simu mara mbili nikairudisha. Nilijua utasema ninyamaze, nami ningekutii, na siku ya majina ningekuwa nimesimama nje na Shantel na masanduku. Kwa hiyo sikukuuliza. Kama ni kosa, ni langu, na ndilo hasa ninalokuomba msamaha, kuliko kuchelewa kuandika.

Jumatatu sikufungua bandali. Nilivaa ile sketi ya kanisa nikaenda ofisini. Nilipanga foleni hadi nikafika kwa dirisha. Karani ni mzee mwenye sweta, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniuliza shida yangu. Nikasema nimekuja kuhusu nyumba ya Baba.

"Baba mwenyewe ameshindwa kuja?"

Nilikuwa nimejizoeza njia nzima maneno ya kusema. Yakapotea yote. Nikasema, "Baba alikufa."

Mama, unajua sijawahi kuyasema hayo maneno Nairobi? Nyumbani nilisema, nililia na nyinyi, nikapanda basi nikarudi, na hapa kila mtu akiniuliza nasema mzee hajambo, anapumzika, anasalimia. Mwaka juzi hadi leo namtunza akiwa hai kwa mdomo. Nilipoyasema pale dirishani nililia kama siku ile. Yule mzee akazunguka akatoka nje, akanisogezea kiti chake mwenyewe, akangoja.

Nilipotulia akafungua daftari. "Wewe ni wa kwanza kuniambia hivyo mwezi huu," akasema. "Wengine wote wazee wao wana nguvu ajabu. Kuna mmoja hapa ana umri wa hiyo reli, na bado ametoka kununua sukari."

Nikacheka na makamasi. Nikajua ni nani.

Nikamuuliza kama watanitoa. Akasema, "Nikutoe nikupeleke wapi? Lete karatasi." Akaniandikia zinazohitajika. Halafu akauliza, "Mama yako yuko hai?" Nikasema yuko, tena anapalilia. "Basi yeye ndiye wa kwanza, si wewe. Nyumba ni yake akiitaka. Kama anataka uandikwe wewe, aseme mwenyewe kwa barua." Nikamuuliza kama naweza kuandika jina lake kwa gazeti. Akafikiria, akavua miwani. "Andika lako. Mimi niite karani."

Hilo lilitosha. Watu wawili walitimia: karani, ambaye Mercy alishamsikia, na mimi mwenye jina la kuandikwa.

Ijumaa niliandika ile manila mwenyewe kutoka juu hadi chini. Niliandika kwamba mimi Nafula, binti wa Simiyu aliyefanya kazi reli, nimekaa nyumba ya marehemu nikisema yuko hai, kwamba nilikwenda nikasema kweli na sikufukuzwa, na karatasi zinazotakiwa ni hizi na hizi, na daftari litafungwa. Sikuandika nyumba ya mtu mwingine hata moja. Kevo alitaka kuweka neno la maghost kwa kichwa cha habari. Nikakataa. Nikamwambia, "Hao ni wazazi wa watu." Akanung'unika kidogo, akalikata.

Jumamosi akanipa mimi nisome. "Hii ni yako, mathe. Mimi nitashika mtungi wako kwa laini."

Nilisoma yote kwa sauti. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kutukana. Ilikuwa ni sauti ya maji tu yakiingia mtungini. Nikafikiria, hapa nimewakosea wote. Halafu Mama Achieng, aliyekuwa wa nne kwa laini, akaweka mtungi wake chini. Akajifunga leso vizuri kiunoni vile hufanya akitaka kugombana. Nikajiandaa.

Akasema, si kwangu, kwa watu wote, "Baba Achieng alikufa. Alikufa hospitali, siku ya mvua, nikamsafirisha. Hakutoka kununua sukari." Na akaketi juu ya mtungi.

Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Hata mama yangu." Akataja jina lake kamili, majina matatu, ambalo sidhani kuna mtu alilijua, maana sisi tulimwita Nyanya wa Kona. Kisha mwingine. Kisha Kevo, akiwa bado ameshika mtungi wangu, akasema la babu yake, na ile sauti yake kubwa ikawa ndogo. Mercy alikuwa anaandika haraka kwenye ngozi ya mkono wake kwa sababu karatasi iliisha. Watu waliomaliza kuchota hawakuondoka. Mzee mmoja akavua kofia. Maji yalikwisha siku hiyo wengine hawajapata, na sikusikia mtu akilalamika.

Jumatatu iliyofuata walikwenda ofisini kwa kikundi, Mama Achieng mbele amevaa viatu. Anasema yule karani alipowaona alishika kichwa. Alikuja jioni kwangu na sahani ya samaki, akaniambia, "Nimemaliza kumzika sasa." Tukala.

Sisemi mambo yameisha. Sijui hizo ghorofa zitakuwa vipi, wala kama kweli tutapewa, wala lini. Foleni itakuwa ikiuliza kila wiki, hilo naahidi. Shantel nilimwomba msamaha. Nilimkalisha kitandani nikamwambia alisema kweli na mimi ndiye niliyekosea. Akanisamehe haraka, akataka pipi.

Mama, nakujua. Sasa hivi umeshusha hii barua mapajani na unaangalia nje. Kasirika, una haki. Lakini ukimaliza kukasirika unisaidie, kwa sababu bila wewe sisi ndio tutakaobaki nje baada ya kuwaonyesha wengine mlango. Ukitaka nyumba iandikwe kwa jina lako, nitafurahi na nitakupelekea fomu. Ukitaka iandikwe langu, pia. Sitakuamulia hilo, ila amua.

Nisalimie Wafula na mkewe, na yule kichanga wao ambaye sijamshika. Msalimu Senge, dada yake Baba, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata, cha maua madogo si makubwa. Msalimu mwalimu wangu wa zamani hapo jirani, umwambie mwandiko alionichapia fimbo sasa unasomwa na mtaa mzima. Na umsalimie Baba ukipita pale kwa migomba. Mwambie hapa sasa wanajua.

Barua hii inaletwa na Rose, anayeuza karibu nami Muthurwa, kwao ni ng'ambo ya mto. Atakaa wiki moja na kurudi Jumapili, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari Jumamosi. Ninachohitaji ni hiki, na tafadhali usipunguze. Cheti cha kifo cha Baba. Nadhani hamkuwahi kukichukua, basi Wafula aende kwa chifu kesho asubuhi, kisha ofisi ya kuandikisha vifo, na asirudi bila hicho. Kitambulisho cha Baba, kiko kwa ile bahasha ya hospitali. Kadi yake ya nyumba ya zamani, ya kahawia, na risiti zozote za kodi, hata zilizoliwa na panya. Cheti chenu cha ndoa cha kanisa. Cheti changu cha kuzaliwa. Nakala ya kitambulisho chako, pande zote mbili. Simsim kidogo na karanga za kukaanga za Shantel, azitafune upande wenye meno. Na barua yako, Mama, kwa mkono wako mwenyewe, si wa Wafula: useme mume wako Simiyu alikufa, ni lini, na nyumba abaki nayo nani. Mistari mitatu inatosha.

Mwanao,
Nafula